Historia ya Maana za Istilahi za Kriketi na Funzo Lake kwa Uundaji wa Istilahi za Michezo katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maana za istilahi za msingi za mchezo wa kriketi, kuanzia ushahidi wa mwanzo wa jina la mchezo wenyewe mwishoni mwa karne ya 16 hadi mabadiliko ya kanuni yaliyotangazwa mwaka 2021. Inajengwa hoja kwamba istilahi nyingi za mchezo huu ziliundwa ili kutaja matendo na vifaa ambavyo havipo tena, na kwamba maana zake za leo zimehifadhiwa na kanuni kuliko na umbo la neno. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayeongozwa na asili ya neno na yule anayeongozwa na kile anachokiona uwanjani wote wamo katika hatari ya kupotoka. Makala yanapendekeza kwamba maana ya kikanuni iwe msingi wa istilahi ya Kiswahili, na yanaonyesha ni wapi Kiswahili kina neno lake tayari na ni wapi kukopa kunafaa zaidi.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kandanda. Maneno kama lango, mlinda lango, kuotea, mwamuzi na mpira wa kona yamezoeleka kiasi kwamba msomaji wa gazeti hayaoni tena kuwa ni istilahi. Hali ya kriketi ni tofauti. Mchezo huu umekuwapo Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni. Timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume nchini Uingereza mwaka 1975. Kenya iliifunga West Indies mjini Pune, India, mwaka 1996. Na mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, kwa muda mrefu mchezo huu ulikuwa mikononi mwa Wazungu na jamii zenye asili ya Bara Hindi, na lugha ya kanuni zake ilibaki kuwa Kiingereza. Mtangazaji au mwalimu anayetaka kuueleza kwa Kiswahili leo analazimika kuchagua maneno papo hapo.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1967, uundaji wa istilahi umejadiliwa zaidi kwa kuangalia mbinu: kukopa, kutafsiri mkopo, kupanua maana ya neno lililopo, na kunyambulisha. Mjadala huo ni wa lazima, lakini unachukulia kwamba maana ya neno la lugha chanzi imekwisha kujulikana, na kilichobaki ni kuitafutia neno. Kriketi inaonyesha kwamba hatua hiyo ya mwanzo haipaswi kurukwa. Mtu hawezi kuamua kama atakopa au atatafsiri kabla ya kujua ni maana ipi, miongoni mwa tabaka kadhaa za maana, anayokusudia kuihamisha.

Makala haya yanatofautisha tabaka tatu. La kwanza ni maana asilia, yaani kile ambacho neno lilitaja lilipoingia katika mchezo. La pili ni maana ya kikanuni, yaani kile ambacho kanuni zilizoandikwa zinakitambua. La tatu ni maana ya kimazungumzo, yaani namna wachezaji, watangazaji na watazamaji wanavyolitumia. Istilahi zinazojadiliwa zimeteuliwa kwa sababu katika kila moja tabaka hizi zimeachana kwa namna inayomhusu moja kwa moja mwanaistilahi wa Kiswahili.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maelezo mafupi yanatosha. Timu mbili za wachezaji 11 hupokezana kupiga na kurusha. Katikati ya uwanja kuna ukanda wenye urefu wa yadi 22, sawa na mita 20.12, na katika kila ncha yake vimesimikwa vigingi vitatu ambavyo juu yake vimelazwa vijiti viwili vidogo. Mrushaji hulenga vigingi hivyo, na mpigaji huvilinda kwa gongo. Mpigaji akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili hukimbia kubadilishana ncha, na kila mbio iliyokamilika huhesabiwa.

2.0 Jina la mchezo na suala la gongo

Ushahidi wa mwanzo usio na utata wa jina la mchezo huu unatokana na shauri la ardhi lililosikilizwa Guildford, katika jimbo la Surrey, Januari 1597 kwa kalenda ya zamani, yaani 1598 kwa hesabu ya leo. Shahidi mmoja, John Derrick, alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi yeye na wenzake walicheza "creckett" katika kiwanja kilichogombewa. Kwa kuwa wakati wa kutoa ushahidi alikuwa na umri wa miaka 59, mchezo huo ulichezwa yapata mwaka 1550. Mwaka 1611 Randle Cotgrave, katika kamusi yake ya Kifaransa na Kiingereza, alilieleza neno la Kifaransa "crosse" kuwa ni fimbo iliyopinda ambayo wavulana huchezea kriketi.

Vyanzo hivi viwili vina uzito katika mjadala wa etimolojia. Simulizi inayopendwa ni kwamba mchezo ulianzishwa na wachungaji wa kondoo waliotumia visiki na milango ya mazizi kuwa shabaha. Simulizi hiyo inavutia, lakini ushahidi wa maandishi wa mwanzo unawataja wanafunzi na wavulana, si wachungaji. Kuhusu neno lenyewe, zipo dhana kadhaa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilihusisha na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya fimbo. Neno hilo ni la ukoo mmoja na lile linalotaja mkongojo. Wengine wanaelekeza katika Kiholanzi cha kale, ama kwa neno la fimbo iliyopinda, ama kwa jina la kigoda kirefu na kifupi cha kupigia magoti kanisani, ambacho umbo lake linafanana na shabaha ya kriketi ya zamani. Hakuna dhana iliyokubaliwa na wote. Hata hivyo, ushahidi wa Cotgrave unathibitisha jambo moja: mwanzoni mwa karne ya 17 kifaa cha mchezo kilikuwa fimbo iliyopinda.

Upindaji huo ulikuwa na sababu yake. Mpira ulipokuwa ukivingirishwa ardhini, fimbo iliyopinda mwishoni ndiyo iliyofaa kuuzuia. Katika miaka ya 1760 warushaji walianza kuudundisha mpira, na gongo lililonyooka likachukua nafasi ya lililopinda. Mwaka 1771 mchezaji mmoja alijitokeza uwanjani na gongo pana kama shabaha yenyewe, na baada ya hapo upana wa gongo uliwekewa kikomo cha inchi nne na robo, kikomo ambacho kinatumika hadi leo.

Kwa Kiswahili, historia hii inatoa mwanga juu ya uchaguzi wa neno. Kutohoa neno la Kiingereza "bat" kuwa "bati" kungezua homonimia isiyo ya lazima na bati la kuezekea. Neno gongo linafaa, ingawa linatumika tayari katika "mpira wa magongo", yaani hoki. Mtu anaweza kudai kwamba matumizi hayo mawili yataleta mkanganyiko. Historia inajibu kwamba vifaa hivyo viwili vilifanana kwa umbo kwa muda mrefu, na kwamba jina la jumla linalotofautishwa na muktadha halina kasoro. Kiingereza chenyewe hutumia neno hilo moja kwa kriketi, besiboli na tenisi ya mezani.

3.0 Wiketi: kilango chenye maana nyingi

Neno "wicket" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kaskazini likiwa na maana ya mlango mdogo, hasa ule uliowekwa ndani au kando ya lango kubwa. Kifaransa cha leo kinalo neno la nasaba hiyo hiyo, "guichet", linalotaja dirisha dogo la kukatia tiketi. Kanuni za mwaka 1744, ambazo ndizo za kwanza kuandikwa kwa utaratibu, zilitaka vigingi viwili vyenye urefu wa inchi 22 na kijiti kimoja cha inchi sita juu yake. Umbo hilo lilikuwa kilango kweli: miimo miwili na kizingiti cha juu.

Kasoro ya kilango ni kwamba mpira unaweza kupita katikati. Inasimuliwa kwamba mwaka 1775, katika uwanja wa Artillery Ground jijini London, mrushaji maarufu aliyejulikana kama Lumpy Stevens alipitisha mpira mara tatu katikati ya vigingi vya John Small bila kuviangusha. Kigingi cha tatu kiliongezwa baada ya tukio hilo. Tangu wakati huo kilango kimezibwa, lakini jina lake limebaki. Vipimo vya leo ni inchi 28 kwa urefu na inchi tisa kwa upana.

Katika matumizi ya sasa neno hili lina maana zisizopungua tano. Kwanza, hutaja vigingi pamoja na vijiti vyake. Pili, hutaja tukio la mpigaji kutolewa, hata pale ambapo vigingi havikuguswa, kwa mfano mpira unapodakwa hewani. Tatu, hutaja ukanda wa yadi 22 wenyewe, ingawa kanuni zinautengea ukanda huo jina jingine. Nne, hutaja ushirikiano wa wapigaji wawili waliomo uwanjani kwa wakati mmoja. Tano, hutumika kueleza kiasi cha ushindi: timu inayopiga ya pili ikivuka idadi ya wapinzani, ushindi wake huhesabiwa kwa wapigaji ambao ilikuwa bado haijawapoteza. Mnyororo huu wa polisemia umejengwa na metonimia. Kifaa kimetoa jina kwa tukio la kukiangusha, na tukio limekuwa kipimo.

Kiswahili kinajaribiwa hapa na neno lake zuri, lango. Kwa kuwa goli la kandanda ni lango, inaelekea kwamba "wicket" ni kilango na kwamba mchezaji anayesimama nyuma yake ni mlinda kilango. Ulinganifu huo unaungwa mkono na etimolojia, lakini unapotosha kazi za wachezaji. Katika kandanda mlinda lango hulizuia lango lisifungwe. Katika kriketi anayekilinda kilango ni mpigaji. Mchezaji wa nyuma ni wa timu pinzani, na shughuli yake mojawapo ni kukibomoa. Kumwita mlinda kilango ni kumhamishia wajibu wa adui yake. Zaidi ya hayo, neno kilango haliwezi kubeba maana ya pili hadi ya tano bila kumlazimisha msomaji kujifunza metonimia za Kiingereza upya. Kauli kwamba timu "imeshinda kwa vilango vinne" haieleweki zaidi ya "imeshinda kwa wiketi nne"; inadanganya tu kwamba inaeleweka. Mkopo wiketi ni wa uaminifu zaidi, kwa sababu unamjulisha msomaji kwamba hili ni neno la kujifunza. Mchezaji wa nyuma anaweza kuitwa mdaka nyuma, jina linalotaja mahali na kazi yake.

4.0 Kuvingirisha, kurusha na kutupa

Kitenzi "bowl" kinatokana na jina la mpira wa mbao uliovingirishwa ardhini katika mchezo mwingine. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18 mrushaji wa kriketi alifanya hivyo hivyo: alivingirisha. Mabadiliko yalikuja kwa hatua, na kila hatua iligombewa. Baada ya mpira kuanza kudundishwa, warushaji walianza kuinua mkono. John Willes aliadhibiwa na mwamuzi mwaka 1822 katika uwanja wa Lord's kwa kurusha mkono ukiwa juu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Urushaji wa mkono hadi usawa wa bega ulihalalishwa mwaka 1835, na ule wa mkono juu ya bega mwaka 1864. Hivyo, katika muda usiozidi karne moja, tendo lililotajwa na kitenzi hicho lilibadilika kutoka chini hadi juu, na kitenzi hakikubadilika.

Mfasiri anayefuata asili ataandika "kuvingirisha", na hakuna mtazamaji atakayemwelewa. Anayefuata anachokiona ataandika "kutupa", na hapo ataingia katika kosa kubwa zaidi. Kanuni za kriketi zinakataza mrushaji kuunyoosha mkono wake kwenye kiwiko wakati wa kuachia mpira, na kosa hilo linaitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana hasa ya kutupa. Katika ulimwengu wa kriketi, kusema kwamba mrushaji "anatupa" ni kumshtaki. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka aliadhibiwa kwa kosa hilo mjini Melbourne tarehe 26 Desemba 1995, na mjadala juu ya mkono wake uliendelea kwa miaka mingi. Vipimo vya kitaalamu vilivyofuata katika mchezo huu vilionyesha kwamba mikono ya warushaji wengi hunyooka kidogo bila macho kuona, na Baraza la Kimataifa la Kriketi likaweka kikomo cha nyuzi 15. Muralitharan alistaafu mechi za siku tano mwaka 2010 akiwa na wiketi 800. Ripoti ya Kiswahili ambayo ingemwita "mtupaji" ingekuwa, bila kukusudia, imetoa hukumu.

Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyoweza kugawana kazi hii. Rusha ni kauli ya kutendesha inayotokana na ruka, na maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiruke. Tupa hubeba pia maana ya kuacha na kutojali. Katika riadha mgawanyo wa vitenzi hivi haujatulia, kwani watu husema kurusha mkuki na pia kutupa mkuki. Katika kriketi mgawanyo unapaswa kuwekwa kwa makusudi: kurusha kwa tendo halali, kutupa kwa kosa. Mrushaji akitupa, mwamuzi hutangaza mpira batili. Sentensi hiyo inaeleweka kwa Kiswahili na inalingana na kanuni.

5.0 Msamiati wa kuhesabu

Kanuni za mwaka 1744 hazihesabu mbio, zinahesabu mikato. Waweka hesabu walikaa na vijiti na kuvikata kisu kwa kila mbio iliyokamilika. Mkato fulani ulifanywa kuwa mrefu zaidi ili hesabu isipotee. Neno la Kiingereza la matokeo, "score", lina historia inayolingana: linatokana na neno la Kinorse lenye maana ya mkato, na kwa njia ya hesabu ya vijiti likapata pia maana ya ishirini. Baadaye daftari lilichukua nafasi ya kijiti, na kitengo cha kuhesabu kikaitwa kwa jina la tendo la kukimbia.

Badiliko hilo nalo limezaa pengo kati ya jina na tendo. Mpira ukivuka mpaka baada ya kugusa ardhi, mpigaji hupewa nne. Ukivuka hewani, hupewa sita. Katika hali zote mbili hakuna anayehitaji kukimbia. Neno mkimbio, kwa wingi mikimbio, ni tafsiri mkopo inayokubalika, na ubaya wake ni uleule wa Kiingereza. Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kinalo neno alama, ambalo maana yake ya awali ni ishara iliyotiwa ili kutambulisha, na ambalo limepanuka kutaja kipimo cha mafanikio shuleni na michezoni. Alama ipo karibu na mkato wa mwaka 1744 kuliko mkimbio, na haimlazimishi mtangazaji kueleza kwa nini mtu aliyesimama amepata mikimbio sita.

Neno "over" ni mfano wa istilahi iliyozaliwa na tamko. Baada ya idadi maalumu ya mipira, mwamuzi alitamka neno hilo ili urushaji uhamie ncha ya pili. Tamko la kumaliza likawa jina la kile kilichomalizika. Idadi yenyewe imebadilika: mipira minne mwaka 1744, mitano nchini Uingereza kuanzia 1889, na sita kuanzia 1900. Australia kwa muda mrefu ilitumia mipira minane, na mipira sita ikawa kawaida ya wote tangu msimu wa 1979/80. Kwa hiyo tafsiri kama "sita" au "mipira sita" ingefunga istilahi kwenye kipindi kimoja cha historia. Neno zamu linashawishi, lakini linafaa zaidi kwa muda wote ambao timu moja iko kwenye kupiga. Dhana hiyo ndiyo zamu hasa, kwani ni haki ya kupokezana. Mkopo ova ubaki kwa kitengo kidogo.

Ova ambayo haikuzaa alama yoyote huitwa kwa Kiingereza kwa neno linalotaja mwanamwali. Sitiari hiyo ilitokana na fikra za karne ya 19 kuhusu kisichozaa matunda, na neno hilohilo lilitumika kwa mambo mengine mengi ya aina hiyo. Tafsiri sisisi ingeleta "ova mwali", usemi ambao kwa Mswahili unaibua unyago, ndoa na staha, mambo yasiyohusiana na hesabu ya mpira. Lugha ya kandanda tayari imetupa suluhisho. Tunasema timu imeshinda "mbili bila". Ova isiyo na alama inaweza kuitwa ova bila.

Mpigaji anayetolewa kabla ya kupata alama yoyote husemwa kuwa amepata "duck", yaani bata. Hapo mwanzo usemi kamili ulikuwa yai la bata, kwa sababu ya kufanana kwa yai na tarakimu ya sifuri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 usemi ulifupishwa, yai likaanguka na ndege akabaki. Atakayetafsiri neno lililobaki ataleta ndege asiye na yai, na kiini cha taswira kitapotea. Hapa sifuri inatosha, na mwandishi anayetaka taswira arudishe yai lenyewe.

6.0 Pande za uwanja na mtego wa kuotea

Mpigaji anaposimama kiubavu, uwanja hugawanyika katika pande mbili: upande wa miguu yake na upande ulio mbele ya gongo lake. Upande huu wa pili huitwa "off side", jina linalohusishwa na lugha ya farasi na magari ya kukokotwa, ambako upande wa kushoto ulikuwa wa karibu na wa kulia ulikuwa wa mbali. Kwa maandishi na matamshi, istilahi hii inakaribiana kabisa na ile ya kandanda ambayo Kiswahili huiita kuotea.

Kuotea ni miongoni mwa mafanikio ya istilahi za Kiswahili. Kitenzi otea maana yake ni kuvizia, na hivyo istilahi inaeleza kosa kwa kutaja tabia ya mkosaji, pasipo kunakili neno la Kiingereza lililojengwa kwa wazo la upande. Lakini ubora huo ndio unaoifanya isihamishike. Kamusi ya lugha mbili inayotoa kuotea kuwa kisawe pekee cha neno la Kiingereza itamwongoza mfasiri wa kriketi kuandika kwamba mpigaji "ameupeleka mpira kwenye kuotea". Katika kriketi hakuna kosa hapo; kuna mahali tu. Upande wa gongo na upande wa miguu ni maneno yanayojitosheleza, na yanabaki sahihi kwa mpigaji wa mkono wa kulia na wa kushoto.

7.0 Majina ya watu: mwamuzi na mpigaji

Neno "umpire" lilitoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya asiye na mwenza, yaani mtu wa tatu anayesimama nje ya jozi ya wanaogombana. Lilipoingia Kiingereza lilianza kwa sauti ya n. Kwa kuwa kibainishi cha Kiingereza hutamkwa kikiungana na neno linalofuata, wasemaji waliihamisha n hiyo kutoka kwenye nomino na kuipeleka kwenye kibainishi. Wanaisimu wa Kiswahili wanaufahamu mchakato wa namna hii katika lugha yetu. Kitabu, neno la Kiarabu ambalo silabi yake ya kwanza ni ya shina, lilichanganuliwa upya kuwa na kiambishi ki-, likapata wingi vitabu. Kipilefti, kutokana na agizo la Kiingereza barabarani, likapata wingi vipilefti. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilikata mpaka wa neno kwa kibainishi, na Kiswahili hukata kwa kiambishi cha ngeli.

Mwamuzi halihitaji mbadala. Kitenzi amua kinahusu kuingia kati ya wagomvi na pia kukata shauri, na kwa hiyo kinakutana na wazo la mtu wa tatu bila kulikopa.

Jina la mpigaji lina historia ya karibu zaidi. Kwa karne mbili na zaidi Kiingereza kilitumia neno lililoishia na sehemu yenye maana ya mwanamume, ingawa mechi ya wanawake iliyorekodiwa mapema zaidi ilichezwa Gosden Common, Surrey, mwaka 1745, na Kombe la Dunia la wanawake lilitangulia la wanaume kwa miaka miwili, mwaka 1973. Mwezi Septemba 2021 klabu ya Marylebone, ambayo ndiyo mlinzi wa kanuni tangu karne ya 18, ilitangaza kuliondoa neno hilo na kuweka lisilobagua jinsi. Kiswahili hakikuwa na mzigo huo. Nomino za watendaji za ngeli ya kwanza, kama mpigaji na mrushaji, hazitaji jinsi. Lakini faida hii hupotea pale mfasiri anapokopa umbo zima la Kiingereza la zamani. Hapa kunyambulisha ni bora kuliko kukopa, na sababu ni ya kimofolojia.

8.0 Maneno yaliyosafiri

Istilahi za kriketi hazikubaki Uingereza wala katika kriketi. Mwaka 1858 H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo katika mechi iliyochezwa Sheffield. Mchango ulikusanywa, akazawadiwa kofia. Kutokana na zawadi za aina hiyo likazaliwa neno "hat-trick", ambalo baadaye liliingia kandanda. Katika kuhama huko lilipoteza sharti la mfululizo, kwani mabao matatu ya mchezaji mmoja katika mechi yanatosha. Wasomaji wa kurasa za michezo za Kiswahili hukutana na neno hili mara kwa mara, wakati mwingine kwa tahajia ya Kiingereza na wakati mwingine kwa kifungu "mabao matatu". Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa kikitumia istilahi ya kriketi kwa miaka mingi bila kulijua chimbuko lake. Mwandishi wa kriketi hawezi kutumia kifungu hicho cha kandanda. Wiketi tatu mfululizo ndiyo maana anayoitaka.

Mwelekeo wa pili ni wa maneno yaliyoingia katika Kiingereza cha kriketi kutoka Asia. Katika miaka ya 1990 Saqlain Mushtaq wa Pakistan alipata sifa kwa mpira uliozunguka kinyume na ulivyotarajiwa. Mdaka nyuma wake, Moin Khan, alimwomba aurushe kwa kuuita "doosra", neno la Kiurdu na Kihindi lenye maana ya wa pili au ule mwingine. Kwa kuwa mpigaji wa kigeni hakulielewa, lilikuwa neno la siri. Maikrofoni za runinga zikalifanya istilahi ya dunia. Kiswahili, ambacho kina gari, bima, laki na pesa kutoka lugha za Bara Hindi, hakina sababu ya kulipitisha neno hili kwanza katika tahajia ya Kiingereza. Dusra linalingana na fonolojia yetu, kwani mfuatano wa s na r unapatikana katika maneno yaliyokwisha kukaa kama Misri na israfu.

Yapo pia maneno yaliyoondolewa. Mpira wa mzunguko unaorushwa kwa kifundo na mrushaji wa mkono wa kushoto uliitwa kwa miaka mingi kwa neno la dharau kwa watu wa China. Mwaka 2018 kitabu cha mwaka cha kriketi cha Wisden kiliacha kulitumia, kikaweka maelezo ya tendo lenyewe. Mwanaistilahi wa Kiswahili anayefanya kazi kwa kutumia orodha za zamani anaweza kulitafsiri neno hilo na hivyo kukifundisha Kiswahili dharau ambayo lugha chanzi imekwisha kuitupa.

9.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba uamuzi wa kukopa au kutafsiri hautokani na mapenzi ya mwanaistilahi kwa lugha yake. Unatokana na hali ya neno katika lugha chanzi. Pale ambapo neno limekuwa kisukuku, kama wiketi na ova, tafsiri ya asili yake huleta kisukuku cha pili kisicho na ardhi ya kukizika, na mkopo unafaa. Pale ambapo Kiswahili kina dhana inayolingana na kanuni, kama mwamuzi, zamu, alama na kurusha, neno la Kiswahili linatangulia. Pale ambapo neno la Kiswahili lina kazi maalumu katika mchezo mwingine, kama mlinda lango na kuotea, ufanano wa nje usichukuliwe kuwa ni ulinganifu wa maana.

Kutokana na hayo, orodha ya istilahi za kriketi kwa Kiswahili inapaswa kuandaliwa kwa kuzisoma kanuni na historia yake kwa pamoja, na kila kidahizo kitaje maana ya kikanuni kabla ya kisawe. Kazi hiyo haihitaji kamati kubwa, kwa kuwa istilahi za msingi hazizidi mia moja. Inahitaji mwanaisimu na mwamuzi mwenye uzoefu waketi pamoja, na waanze na jozi ambayo makosa yake yana gharama kubwa kwa mchezaji: kurusha na kutupa.